Jivu la Achachay, Jivu la Azazay

Pucaloma, 5 Machi 2023

Mjukuu wangu Yadira,

Salamu zikukute mzima huko Quito. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanitukana asubuhi, na mimi nalijibu. Ng'ombe wanakula, simbilisi wamezaa, viazi vimekubali.

Tangu uondoke baada ya Karnivali nakiwaza kile kidude chako cha kurekodi. Nilisema vizuri, sivyo? Naona nilisema vizuri kuliko mainjinia wako. Nani mwingine nchi hii anaweza kunguruma kama Mama Mlima, volkano yetu, mpaka mbwa wa jirani ajifiche? Mbwa wa Obdulia ulimwona mwenyewe, alitoka chini ya kitanda jioni. Miaka yote niliyoshika simu ya upepo kutoa habari za mlima, wale wa kituo cha kupima mlima walikuwa wananiambia, "Don Melchor, hebu tuigizie," mimi naiga, na wao wanajua hapo hapo kama ni mawe au ni mvuke.

Hakikisha watoto wa shule wanaipata ile ya majivu. Jivu likikudondokea mkononi ukasema achachay, hilo la baridi, funga pua na kitambaa, toa wanyama taratibu. Ukisema azazay, hilo limekuunguza, ng'ombe mwachie Mungu, kimbia. Mtoto hana haja ya kipimo. Mkono unahisi, mdomo unasema. Hiyo nimeibuni mimi, kwa kichwa changu hiki, na ndiyo iliyowashusha watu wa Pucaloma ule mwaka mbaya mlima ulipolipuka.

Umeahidi kwamba itaandikwa: huyu ni Melchor Guamanquispe, mlinzi wa mlima, Pucaloma. Guamanquispe ni ndefu. Wasiikate.

Nimeandika mwenyewe, unaona herufi zilivyo kubwa. Simu siitaki, inakula maneno.

Babu yako,
Melchor

*

Quito, 2 Aprili 2023

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba unavaa zile soksi za sufu. Mimi sijambo, baridi tu na kazi.

Sauti yako imefika salama. Tovuti yetu itakuwa na kila kitu: mwezi, nyota, matetemeko ya ardhi, na sehemu nzima ya volkano. Mtoto yeyote, popote nchini, atabonyeza picha ya mlima na kusikia mngurumo wako. Itafunguliwa Septemba, shule zikianza.

Mainjinia wanasema tuongeze kwamba watu wasisubiri mpaka waunguzwe, wasikilize king'ora kwanza. Usikasirike. Wanasema jivu la moto likikufikia mkononi, mara nyingi umeshachelewa.

Jina lako litaandikwa lote. Nimeahidi.

Mjukuu wako,
Yadira

*

Pucaloma, 11 Juni 2023

Mjukuu wangu,

Marahaba, na baraka juu yake. Mimi mzima. Wewe umenyamaza, nadhani ni kazi.

Waambie hao mainjinia kwamba king'ora cha Pucaloma kilishika kutu zamani na ng'ombe wanajikunia mlingoti wake. Lakini wakiweka, waweke. Mimi si mtu wa kubishana.

Nimemwambia kila mtu. Nimewaambia kanisani, nimewaambia kwenye lori la maziwa, dereva akapunguza mwendo ili asikie. Obdulia ananiuliza, "Don Melchor, sasa ukishakuwa mwalimu wa nchi nzima, utatusalimia bado?" Nikamwambia nitafikiria. Septemba, siku ya minga, tukimaliza wote kuzibua mtaro wa maji tutaingia nyumba ya kijiji, pale penye kompyuta, na nitabonyeza mimi mwenyewe mbele yao.

Nijibu. Hata neno moja.

Babu yako,
Melchor

*

Pucaloma, 11 Septemba 2023

Yadira,

Mimi ni mzima. Wewe najua u mzima, watu wa aina hiyo hawaugui.

Jana ilikuwa minga. Mtaro tuliumaliza mapema kwa sababu niliwakimbiza. Wakaingia wote na matope miguuni, wazee wakakaa mbele, nikavaa kofia yangu ya harusi. Nikabonyeza mlima.

Akatokea mzee wa kuchorwa. Ana poncho jekundu na ndevu mpaka kifuani. Mimi ndevu hazijawahi kuniota, na poncho langu ni jeusi, alilifuma bibi yako Targelia. Pale chini pameandikwa Babu Volkano. Nikasema sawa, picha ni picha, subirini sauti.

Akafungua mdomo. "Watoto wapendwa, iwapo majivu yatakuwa na joto la juu, tafadhali ondokeni eneo hilo." Sauti ya mtu aliyekula asali akalala kwenye mto wa manyoya. Na mngurumo wa mlima wenyewe, sijui wameutoa wapi, ni kama mtu anayeburuta kabati.

Obdulia akasema, "Don Melchor, seminari ulikwenda lini?" Nestorio naye, "Mwacheni, siku hiyo alikuwa amekunywa maji ya Quito." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikawaambia ngojeni, imekosea, nikabonyeza tena. Akasema yale yale. Nikabonyeza tena. Sasa hawakucheka. Hapo ndipo paliponiuma. Obdulia alipopakua mahindi ya mote akanipa mimi bakuli la kwanza, lenye nyama, kama mtu aliyefiwa.

Ulijua. Tangu lini? Ndiyo maana ulinyamaza toka Aprili? Ningeambiwa ningekaa kimya na aibu yangu nyumbani. Uliniacha nivae kofia.

Melchor Guamanquispe
mtu wa Pucaloma

*

Quito, 24 Septemba 2023

Babu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nilijua tangu Mei. Tulikaa kikao kusikiliza rekodi zote. Yako ilipofika mngurumo wakapiga makofi, kweli Babu. Kisha ukaanza kueleza majivu. Mwalimu mmoja akasema watoto wa pwani, wa Guayaquil, hawataelewa huyu mzee anasema nini. Uliposema azazay, kwa ile r yetu ya milimani, wakacheka. Mmoja akairudia, wakacheka tena. Azazay, azazay, meza nzima. Wakasema aletwe mwigizaji, hata mngurumo watengeneze wenyewe ili vilingane. Wakaniuliza huyu ni nani, ataudhika?

Nikasema ni mzee mmoja wa huko milimani.

Nimeandika hilo mara nyingi na kulifuta. Sasa nimeliacha. Sikutaka wakucheke, Babu. Niliona heri usiwepo kuliko uwepo ukichekwa. Kisha kila nilipotaka kukuandikia sikupata pa kuanzia.

Nitapigana warudishe sauti yako. Niambie tu kama unataka.

Mjukuu wako, kama bado,
Yadira

*

Pucaloma, 8 Oktoba 2023

Yadira,

Salamu natoa kwa sababu ni adabu.

Mzee mmoja wa huko milimani. Barua nimeisoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa hiyo hilo nililisoma polepole sana.

Sauti yangu siitaki irudishwe. Sauti yangu inajulikana, Mama Mlima mwenyewe anaijua. Wanaocheka na wacheke, mimi nilichekwa na watu wa mjini kabla mama yako hajazaliwa, na bado nipo.

Nataka useme wewe. Kwa mdomo wako. Unakumbuka, au nayo umeifuta? Ulikuwa hujajua hata kusema mama. Ukatambaa mpaka jikoni ukagusa jiwe la moto, ukasema azazay. Neno lako la kwanza duniani. Bibi yako Targelia alikuwa anakupaka mafuta huku analia na kucheka, anasema huyu ni wetu, huyu hapotei.

Basi sema hilo. Wamtoe nje yule wao wa asali, ukae wewe uwaambie watoto jivu la achachay na jivu la azazay. Jina langu si lazima.

Melchor

*

Quito, 12 Novemba 2023

Babu yangu,

Shikamoo. Nimefanya. Nilibishana nao wiki nzima, nikamwambia mkubwa wangu mbele ya wote kwamba yule mzee ni babu yangu, aliyenilea. Hawakucheka.

Mwigizaji ameondolewa. Nimerekodi mimi. Ndevu zimefutwa, poncho ni jeusi. Jina lako liko pale, lote, halikukatwa.

Jumapili ijayo bonyeza, Babu. Waite watu.

Mjukuu wako,
Yadira

*

Pucaloma, 20 Novemba 2023

Mjukuu wangu Yadira,

Salamu zangu za kweli. Mimi mzima, goti limeamua kunyamaza.

Jana baada ya misa watu walikuja, wachache, wengine waliona aibu kwa ajili yangu. Nestorio alikuja na karanga, alidhani ni mchezo tena. Poncho ni jeusi, nimeliona. Jina nimelisoma kwa sauti mpaka mwisho. Guamanquispe. Wakapiga makofi, na mimi nikainuka kidogo kwenye kiti.

Kisha nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, nzuri, imenyooka, kama wale wa taarifa ya habari. Ikasema arrarray.

R yako ilikuwa safi sana. Inagonga moja moja, kama farasi kwenye lami. Ile yetu inayochirizika kama mafuta kwenye kikaango, mpaka arrarray inakuwa azazay, haikuwepo. Nilibonyeza tena, nikadhani labda mara ya pili itatoka. Niliweka sikio karibu kabisa. Nilijua umejitahidi, nilisikia hata ulivyovuta pumzi kabla ya kulisema. Umelitafuta, hukulikuta.

Obdulia akauliza, "Huyu anayelisema neno letu kama ana viazi mdomoni ni nani?" Wakaanza kutabasamu. Nestorio akalirudia, arrarray, arrarray, mpaka karanga zikamtoka.

Nikawaambia ni dada mmoja tu wa ofisini.

Sikutaka wakucheke.

Babu yako,
Melchor