Binti Yangu Hataki Wakwe Walione Gati la Mazulia

Mirva wangu anaolewa! Anaolewa Septemba na daktari wa meno, kijana mrefu mpaka anainama kupita mlango wa jikoni kwangu, na jengo letu zima hapa Kallio linajua maana nimewaambia mmoja mmoja, hata yule bwana wa ghorofa ya tano asiyesalimia watu nilimbana kwenye lifti nikamwambia, naye akatabasamu.

Haya, sasa salamu. Mpendwa mshauri wetu Shangazi Kerttu, hujambo, na wasomaji hawajambo? Naomba msaada wako kwa sababu nimefurahi na nimeumia kwa pamoja, furaha sijui niiweke wapi na maumivu sijui niyapeleke kwa nani.

Mimi ni mama niliyepika chakula cha watoto wa shule maisha yangu yote, shule yenyewe sikuisoma sana, lakini kulea nimelea. Mume wangu Reijo alikuwa mchomelea vyuma kule kwenye meli, akafariki Mirva akiwa hajaanza darasa la kwanza, tukabaki wawili. Leo huyo Mirva ni mhandisi wa madaraja. Ukivuka daraja lolote jipya mjini hapa, Shangazi, vua kofia, huenda ni lake.

Sasa wakwe wanakuja kutoka Vaasa wikendi ya kwanza ya Julai, wazazi wa kijana, hatujaonana hata mara moja. Nami nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani, maana Helsinki mimi naijua, huu mji ni ghali kwa mtu asiyeujua tu. Anayekaa kwenye viti vya mikahawa pale bandarini atalia, lakini mwenye chupa yake ya kahawa anakaa juu ya mwamba mbele ya bahari ile ile. Tiketi ya tramu inakupandisha feri mpaka kisiwani Suomenlinna, unakaa nje upepo unakupiga, unashuka unalala kwenye majani juu ya kuta za kale. Unanunua njegere mbichi sokoni, unazimenya ukitembea, unasimama bustanini Esplanadi bendi inapiga bure, jua halitaki kuzama, nani atakuambia urudi nyumbani? Hivyo ndivyo nilivyomlea Mirva, na hakuna siku aliyoniambia mama nimechoka na mji huu.

Na juu ya vyote, gati la mazulia. Jamani, gati la mazulia! Julai ikifika na theluji imesahaulika, tulikuwa tunapakia mazulia kwenye kigari kile kile nilichomsukumia Mirva akiwa mchanga, na brashi, na sabuni ya msonobari, na viazi vya kuchemsha na samaki wa chumvi kwenye kopo, na mikate mitamu ya iliki nimeifunga kwenye taulo ifike na moto wake. Jirani yangu Tellervo naye na kigari chake, tunateremka mpaka baharini tunagombea nani anapita mbele. Meza za mbao zimelowa, povu mpaka viwikoni, wanawake wa mitaa yote wanasugua na kupiga soga, huyu anasimulia ya mumewe, yule ya bosi wake, mtu anacheka mpaka brashi inamtoka inaelea inaondoka zake. Ukimaliza unalipitisha zulia kwenye rola za kukamulia, unalitundika juani, na unaliacha. Unalifuata kesho, na hakuna aliyeligusa.

Mazulia yangu ni ya matambara, nayafuma mwenyewe kwenye kitanda cha mfumi kilichoko chini ya jengo, na kila mstari naujua ulikuwa nguo ya nani. Kuna mstari wa shati la kazi la Reijo. Likiwa kavu ni la kijivu tu, Shangazi, lakini likilowa maji pale mezani linarudi kuwa buluu kama siku niliyomnunulia. Kila Julai namwona hivyo, kidogo, halafu anakauka.

Na Mirva anaogelea pembeni, anatoka meno yanagongana, analala kifudifudi kwenye mwamba wenye joto na mkate mkononi, anawafokea shakwe wasimnyang'anye. Siku moja aliniambia, "Mama, tusirudi nyumbani." Maneno hayo ninayo mpaka leo. Hata kwenye mkutano wa wazazi shule zilipofunguliwa, wenzangu wakiulizana nani kiangazi alikuwa kwenye nyumba yake ya ziwani upande gani, mimi nilisimama nikasema kwa sauti, "Sisi nyumba ya ziwani hatuna wala hatuitaki! Mimi na Mirva kiangazi chote tuko gati la mazulia!" Watu walicheka sana, mwalimu mpaka akafuta macho. Nilikuwa na maneno matamu mimi.

Basi majuzi nilikuwa jikoni kwa Mirva, akaniambia, "Mama, usihangaike. Ijumaa tunakula kwenye mgahawa wa juu kabisa wa hoteli. Jumamosi nimekodi boti. Wewe uje tu umependeza."

Nikamuuliza, "Na gatini lini?"

"Gatini wapi?"

"Gati la mazulia, mwanangu. Zulia lako la harusi nimelimaliza, na lazima lioshwe kabla sijakukabidhi, nikawaza mimi na mama mkwe wako tungelisugua pamoja, tupate kuzoeana."

Akaweka kikombe chini. "Mama. Usiwapeleke watu kule. Nakuomba."

"Kwani kule kuna nini?"

"Kuna utoto wangu."

"Ndiyo maana nataka wauone!"

"Darasa zima lilikuwa kwenye nyumba zao za ziwani. Mimi nilikuwa nasugua mazulia. Ulikuwa unafurahi, Mama, najua. Mimi nilikuwa nakusubiri umalize."

Nilivaa koti langu nikaondoka, kahawa nimeiacha, mimi ninayemaliza kahawa hata ya hospitali. Tangu siku hiyo akipiga simu sipokei. Tellervo anasema, "Mwenzangu, wapeleke kwa nguvu! Akishasikia harufu ya ile sabuni atakumbuka mwenyewe. Nami nitaleta kahawa." Lakini mimi nasita, Shangazi. Niwapeleke wakwe gatini hata kama hataki, au niende nikakae kule juu hotelini nifunge mdomo kama mgeni kwenye harusi ya mwanangu mwenyewe? Na kuna swali lingine linaloniuma zaidi, maana viangazi vile ndiyo mali yangu, sina nyingine. Kama yeye alikuwa ananisubiri nimalize, basi mimi nilikuwa nafurahi na nani?

Jina langu liandikeni kamili, na la Mirva, na namba ya jengo. Sina la kuficha.

*

SHANGAZI KERTTU ANAJIBU

Hongera, mama. Mtoto kukua akajenga madaraja, na wewe ukiwa peke yako na sufuria za shule, si jambo dogo. Furahi.

Sasa kaa chini, nikuambie. Majina nimeyabadilisha yote na namba ya jengo nimeifuta. Nimekuita Mama wa Kallio, maana Kallio imejaa akina mama. Wewe huna la kuficha, sawa. Je, ulimuuliza binti yako kama yeye analo? Bwana wa lifti amesikia habari za ndoa hii, jengo zima limesikia, sasa ulitaka na nchi nzima isome jikoni kwake kulisemwa nini. Mambo ya watu wawili unayatangaza kana kwamba ni yako peke yako. Hapo ndipo pa kuanzia.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliteremka nikanusa sabuni dukani, kwa hiyo usidhani sina moyo. Lakini barua nzima imejaa sauti za wanawake wanaocheka, na mtoto wako umempa sentensi moja tu, ile ya tusirudi nyumbani. Alikuwa anacheza na nani? Mji huu Julai naujua. Mitaa mitupu, hata mbwa wamepelekwa ziwani. Ninyi watu wazima mlikuwa na sherehe yenu. Yeye alikuwa na shakwe.

Unauliza ulikuwa unafurahi na nani. Naye. Mtoto anaweza kuogelea asubuhi kwa furaha ya kweli, na jioni akatamani kuwa mahali pengine, na vyote viwili vikawa kweli. Alichokisema hakikunyang'anyi hata siku moja. Kimekuonyesha kwamba kuna upande wa siku zile usioujua, na mama mwenye akili anataka kuujua.

Tellervo abaki na kahawa yake. Kumpeleka mtu kwa nguvu kwenye utoto wake mwenyewe ni ukatili, hata kukiwa na mikate.

Fanya hivi. Simu ikilia, pokea, leo. Nenda kwake mikono mitupu, zulia liache nyumbani. Muulize swali moja, "Kule kulikuumiza nini?" Kisha nyamaza. Usimjibie, usimkumbushe, usimwambie jua lilikuwa zuri. Ukiona mdomo unafunguka, ujaze chakula. Akisema ni hotelini, utavaa vizuri uende hotelini, na bei ya kitu chochote hutaitaja mezani. Zulia utalisugua mwenyewe umkabidhi mkononi, nyinyi wawili tu. Gati halihami.

*

BARUA YA PILI YA MAMA WA KALLIO

Nimemuuliza! Mikono haikuwa mitupu, Shangazi, nisamehe, nilibeba mikate, lakini ilinisaidia, maana nilipotaka kusema nilijaza mdomo kama ulivyoagiza, nikatafuna mkate mzima.

Halafu Mirva akasema, "Si gati, Mama. Ni ule mkutano wa wazazi."

Nikatafuna.

"Wiki ile mwalimu alituambia tuandike insha ya nyumba yetu ya kiangazi. Na mimi nikaandika. Nikaweka ziwa, na mashua nyekundu ya makasia, na babu anavua samaki. Mwalimu aliisifu, akaibandika ukutani. Ukaja wewe ukasimama chini yake, Mama, chini yake kabisa, ukawaambia watu wote sisi nyumba ya ziwani hatuna."

Shangazi, mkate niliuweka chini. Miaka yote hii najisifu kwamba walicheka kwa maneno yangu matamu. Na mwalimu, sasa ndiyo najua alikuwa anafuta nini.

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Akasema, "Ulikuwa unasema kweli. Ndiyo ilikuwa mbaya."

Nikamwuliza mashua ilikuwa rangi gani tena. "Nyekundu," akasema, "na jina nililipaka mwenyewe ubavuni. Raha." Nikamwambia kwa insha hiyo hata mimi ningedanganyika, ningefunga mizigo. Hapo ndipo alipocheka, na akicheka ana sauti ya baba yake.

"Haya, zulia liko wapi?" akauliza.

"Nyumbani. Nimekatazwa kulileta."

"Umekatazwa na nani?"

"Na gazeti."

"Gazeti gani, Mama?"

Nikalitoa kwenye mkoba. Alilisoma amesimama, amejishika kichwa, nami nikajua leo nimekwisha. Alipofika mwisho akasema, "Mirva? Jina zuri kuliko langu." Kisha akasema siku nyingine nimuulize kwanza. Basi barua hii ameisoma kabla sijaitia posta, na amefuta mistari miwili, mizuri kweli, kuhusu mshahara wa mchumba.

Jioni ile tulienda kwangu, akalitandika zulia sakafuni akatambaa juu yake kwa magoti kama mtoto, anataja, "Hii aproni yako ya shule. Hili gauni langu la njano. Na hii ya kijivu?" Nikamwambia asubiri lilowe, ataona mwenyewe.

Kwa hiyo, Ijumaa hotelini nitakwenda, nguo nimeshaipiga pasi, na bei sitazitaja. Ile boti kubwa ya Jumamosi Mirva ameirudisha kwa wenyewe. Amekodi nyingine, ndogo, ya makasia, ametafuta mji mzima mpaka akaipata nyekundu, na itafungwa pale pale kando ya meza za kusugulia. Mama mkwe kutoka Vaasa alipoambiwa kwenye simu aliuliza jambo moja tu, aje na brashi yake au zipo.

Tellervo atakuja na kahawa, bwana wa ghorofa ya tano amesema ana zulia chafu, na wewe, Shangazi, huna ruhusa ya kukosa. Nimemuuliza Mirva kama naweza kutangaza, naye amesema tangaza. Gati la mazulia, Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa nne asubuhi, wote.