Jina Alilochagua Mzee Hhando

Abraham, sikia, Hhando wetu wa Endabash kabatizwa leo, na mimi msimamizi wake nimekoma.

Padri kamuuliza, "Mzee, umechagua jina gani?"

Akasema, "Lukresia."

Lukresia! Jina la marehemu mkewe! Kanisa zima linasikia.

Padri akamwambia taratibu, "Hilo ni la kike, babu."

"Najua. Nimeishi nalo miaka arobaini."

Kwaya ikaangua kicheko. Yeye hata hatabasamu.

Akaeleza. Katekista kamfundisha kwamba siku ya ufufuo tutaitwa kwa majina. Sasa yeye anaogopa umati ule, mke aitwe huku, yeye aitwe kule, wapotezane tena. Wakiwa na jina moja wataitika pamoja. Hicho tu ndicho kilichomleta kanisani, Abraham. Hicho tu.

Padri akasema, "Mama atakutambua, mzee."

"Hawezi. Aliniacha nikiwa bado na meno."

Padri akachukua maji, akambatiza Modest Lukresia, la kiume mbele na la mkewe nyuma, mbele yetu wote.

Tukarudi kwa miguu. Nikimwita Modest, hageuki. Nikimwita Lukresia, anaitika mbiombio.

Anasema anajizoeza.