Mume Wangu Kanifutia Kovu, Viza Nikanyimwa

Mshauri wangu mpendwa, kabla sijapasua kioo cha studio ya mtu naomba unishike mkono, maana kwa hasira niliyo nayo hata chai hainishuki. Mimi ni mke wa mpiga picha, tulioana kabla binti yetu mkubwa hajazaliwa, na huyo binti ndiye aliyeolewa nchi ya mbali na sasa ana mimba ya kwanza, daktari wake anasema mtoto amekaa vibaya na huenda akapasuliwa, mume wake ni baharia na yuko safarini, kwa hiyo mwanangu yuko peke yake huko ghorofani anaongea na kuta, na kila akinipigia simu maneno ni yale yale, "Mama, unakuja lini? Mama, mimi nitazaa na nani?"

Viza ya huko siku hizi huombwa mtandaoni, huendi ubalozini kupanga foleni, unajaza kwenye kompyuta, unapakia pasipoti na picha yako, unalipia, unasubiri jibu kwenye barua pepe. Kwa kuwa kompyuta iko studio, mume wangu akasema, "Mama watoto, hilo niachie mimi, wewe kaa tu nikupige picha," nikakaa kwenye kile kistuli cha wateja, akanipiga, nikarudi nyumbani kupanga sanduku.

Sasa mshauri, wewe huzijui picha za mume wangu. Huyu mtu hawezi kuuacha uso wa mtu ulivyo. Ukija na chunusi unatoka huna, ukija na fulana unatoka na suti na tai, kuna mzee alikuja hana meno ya mbele akatoka nayo yote, akaenda zake anacheka, na wateja wanampendea hilo hilo. Mimi nina kovu shavuni, limeanzia chini ya jicho mpaka karibu na kidevu, ni mafuta ya moto yalinirukia zamani nilipokuwa nakaanga viazi vya kuuza barabarani, na viazi hivyo ndivyo vilivyonunua kamera yake ya kwanza, ingawa wateja wakimuuliza alianzaje huwajibu kwamba alianza na kipaji. Basi alilifuta kovu lote, akaninyoosha shingo, akaning'arisha ngozi, akanivalisha koti jeusi ambalo sijawahi kuwa nalo, halafu huyo mwanamke akampakia kwenye tovuti pamoja na pasipoti yangu yenye kovu.

Jibu likarudi kwamba picha hailingani na pasipoti, tulete nyingine. Hakuniambia. Alichukua picha ile ile, akabadilisha koti likawa la bluu, akairudisha! Wakayakataa maombi yote, wakaandika kwamba picha imechezewa na kwamba nikitaka niombe upya. Hayo yote nimeyajua juzi tu, nilipomwambia nataka kuwapigia simu hao watu niwaulize mbona wamekaa kimya, ndipo akakohoa, akasema, "Kuna jambo dogo."

Jambo dogo! Nikamuuliza, kwa nini hukuwapelekea uso wangu? Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayenionea huruma, "Sasa mke wangu, nani atakupa viza na uso ule?" Mshauri, miaka yote hii nilidhani halioni. Kumbe analiona kila siku, na kila siku linamkera. Niliumia, halafu nikakasirika, na mpaka leo hasira haijashuka.

Tena picha yenyewe ameikuza ukubwa wa mlango, ameitundika dirishani mwa studio ivute wateja, na jana jirani yangu mmoja akaniuliza, "Yule wa dirishani ni mdogo wako? Mzuri, jamani!" Nikamwambia ndiyo, ni mdogo wangu, anaishi kwenye kompyuta.

Nimemwomba anipige picha nyingine asiguse kitu, amekataa, anasema picha mbaya haitoki kwenye studio yake. Nikamwambia basi nitaenda kwa Bwana Flashi, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara, ambaye yeye na mume wangu walijifunza kazi kwa fundi mmoja na sasa hawasalimiani hata msibani. Akageuka mbogo. "Mke wangu akionekana kwa Flashi, mimi biashara yangu imekufa. Ukienda huko, usirudi hapa!" Mama mkwe naye anasema nimvumilie mwanawe, mwanamume haaibishwi mbele ya mshindani wake, nisubiri apoe. Lakini mimba haimsubiri mtu apoe. Nifanyeje, mshauri? Nivuke barabara nivunje ndoa, au nikae nyumbani mwanangu apasuliwe hana hata mtu wa kumshika mkono?

Mwenye Kovu

JIBU

Mwenye Kovu,

Vuka barabara.

Pole nakupa moja tu, kwa sababu huna muda wa kubembelezwa. Barua yako nimeisoma nikasimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Hao wanaotoa viza hawakuja kuposa. Hawana shida na uzuri wako. Wanachotaka ni kwamba atakayeshuka kwenye ndege awe yule yule aliye kwenye pasipoti, basi. Mumeo kawapelekea mtu ambaye hajazaliwa, alipoambiwa hapana akambadilisha koti! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye kaficha kovu, na anayetaka kuzaa ni binti yake.

Ila na wewe nitakusema, usinune. Pasipoti yako, safari yako, mtoto wa tumbo lako, halafu majibu yaende kwenye barua pepe ya mtu mwingine? Maombi yale yana mahali pa kuthibitisha kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na aliyethibitisha kwa jina lako ni bwana wa makoti. Wakati huo wewe ulikuwa unakunja kanga kwenye sanduku! Ulipaswa kusimama nyuma ya kiti chake ukisoma kila mstari. Mwanamke aliyesimama juani akakaanga viazi mpaka akanunua kamera, leo anashindwa kujaza fomu kwenye simu yake?

Kwa hiyo sikiliza. Nenda kwa Bwana Flashi mchana, mlango ukiwa wazi, uso mkavu, na nguo yako ya kila siku. Mwambie asiguse chochote, na akuonyeshe picha kabla hujatoka, maana na yeye alifundishwa na fundi yule yule. Fungua barua pepe ya kwako, na neno la siri lisijulikane na mtu, hata mama mkwe. Jaza maombi mapya mwenyewe, taratibu. Watakapouliza kama umewahi kunyimwa viza, andika ndiyo, na ueleze kwamba picha ilichezewa bila wewe kujua. Usije ukadanganya hapo ukidhani unajisaidia, uongo ndio uliokufikisha hapa. Binti yako aombe hospitalini barua inayotaja hali yake na lini anatarajiwa kujifungua, uipakie pamoja na mengine, na kama tovuti ina huduma ya haraka, ichague. Viza wanatoa wao, siwezi kukuahidi. Lakini safari hii wakikataa, wawe wamekukataa wewe na si picha ya dirishani.

Mama mkwe mjibu kwa heshima zote kwamba anayesubiriwa huko ni kitukuu wake. Mshindani wa mwanawe atakuwepo tu hata mwakani.

Na hiyo "usirudi hapa" isikutishe. Studio ile ina viazi vyako ndani, hana ubavu wa kukufungia mlango. Ndoa haivunjwi kwa kuvuka barabara. Iliyoitia ufa ni ile kauli yake kuhusu uso wako, na hiyo aje aifute yeye, si fundi wa kufuta? Asipoifuta, ukirudi safari niandikie, tutaongea lugha nyingine.

Kioo usipasue. Ingia ndani mchana wateja wakiwepo, umshushe yule mwanamke dirishani kwa mikono yako mwenyewe, umkunje, umkabidhi mwenye naye.

Kisha nenda kwa mwanao. Mtoto akizaliwa atalishika hilo kovu, watoto wachanga hushika kila kitu. Mwache alishike. Akikua akakuuliza limetoka wapi, mweleze babu yake alipataje kamera.