Karatasi za Zuhura

Jumatano. Joto limenishika tangu asubuhi, hata buibui limenigandia mgongoni. Lakini si joto lililoninunisha leo. Ni Zuhura.

Niseme tu, maana hapa hakuna wa kunisuta: nina wivu.

Zuhura anasomesha gredi ya pili kama mimi, darasa letu na lao ni ukuta mmoja. Amekuja mwaka huu. Anaendesha gari kutoka Kizingo, anafika mkavu, ananukia udi. Kila mtoto wake ana karatasi yake mwenyewe: naweza kusoma silabi hizi, naweza kujumlisha mpaka hapa. Mtoto akiweza jambo, anamwonyesha mwalimu, kisha anatia tiki kwa mkono wake. Wazazi wamepagawa. Mwalimu mkuu naye kila kikao ni Zuhura, Zuhura. Mimi nimesomesha hapo miaka nenda rudi na wallahi hajaniambia hata "vyema".

Ningevumilia. Ila juzi mamake Swaumu alinisimamisha getini. Swaumu ni mtoto wangu wa dawati la mbele, hajaweza kusoma, na nampenda kuliko inavyofaa mwalimu kusema. "Mwalimu, usinielewe vibaya," akaniambia, "nataka nimhamishie kwa Bi Zuhura. Kule mtu anaona mwanawe amefika wapi." Nikajichekesha, nikamwomba anipe mpaka Ijumaa. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Basi jana nikasema, hata mimi nitakuwa na karatasi! Zuhura alipotoka kwenda kunywa chai, nikaingia darasani mwake nikapiga picha karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Nikaipeleka duka la fotokopi, nikatoa za darasa zima. Ile ile moja, kwa wote.

Leo nikawagawia. Hata mapumziko hayajafika, Nasri ameshatia tiki zote na anauliza sasa afanye nini. Wenzake wakamwangalia, nao wakatia zote. Swaumu pia. Hata palipoandikwa "Naweza kusoma hadithi peke yangu" ametia tiki, kubwa. Nikamwambia haya, nisomee. Akanitazama, akainama, machozi yakaanza kudondokea karatasi.

Mjinga mimi.

Tena mjinga mara mbili, kwa sababu jambo hili nimelelewa nalo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisomesha watoto Qurani ukumbini kwetu Kibokoni. Kila mtoto na juzuu yake, kila mtoto na pahala pake. Mama alitia kistari cha penseli pale mtoto alipofika, na hasogei mpaka apasome sawasawa. Hakuna aliyepewa kistari cha mwenzake. Utoto wangu wote nimekaa kitako mbele ya njia ile, halafu leo namwonea Zuhura kijicho kwa kuitumia!

Mchana wenzake walipokwenda nikabaki na Swaumu. Nikamwandikia karatasi yake peke yake, inayoanzia pale alipo: "Naweza kusoma sa, se, si, so, su." Akasoma, taratibu, kidole kikifuata. Akatia tiki kwa nguvu mpaka penseli ikatoboa karatasi. Tukaandika la pili, jina lake. Akalisoma, akacheka, akataka la tatu.

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, na yako iko wapi?"

"Yangu ya nini, mwanangu?"

"Ya vitu ambavyo hujaweza."

Nikamwambia akusanye vitabu vyake, mamake anamngoja.

Sasa niko nyumbani na nimeiandika. Ina mstari mmoja tu: Naweza kwenda kwa Zuhura nikamwomba anionyeshe anavyofanya.

Penseli iko mkononi. Roho ingali inaniuma, na nikifikiria ule udi wake, inaniuma zaidi. Ningeweza kutia tiki sasa hivi na hakuna ambaye angejua. Lakini Mama asingeipitisha.

Kesho, kabla ya kengele, nitabisha mlango wake.