Kiraka cha Koti la Mkorea

Jumatano. Joto la kungojea mvua isiyotaka kuja. Magoti yanauma yote mawili, kama yamekubaliana.

Temeke hii nzima, toka Chang'ombe mpaka kule mwisho kwenye mihogo, hakuna anayejua Kikorea kama mie. Atokee wa kubisha. Nilijifunzia bandarini, nikipakua shehena pamoja na mabaharia wao, enzi hizo mgongo ukiwa mgongo. Nimelisema hili mbele ya watu na watu wamekubali. Mtu akishakubaliwa na watu, cheti cha nini?

Haya. Hapa niko peke yangu na kalamu, hakuna wa kumringia. Meli ile ilikuwa ya Wagiriki.

Kikorea sijui hata cha kuombea maji ya kunywa. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, mwalimu alinichoka kabla. Kilichonitia kwenye Kikorea ni Mama Neema.

Mama Neema ni mpangaji wangu wa chumba cha uani. Karani, mtu wa Moshi, mchangamfu. Kaka yake ni baharia, na mwezi uliopita alimshushia televisheni, deki, na mikanda sita ya mchezo wa mapenzi wa Kikorea. Eti wa kuchekesha. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini. Zamani tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, sasa sabuni zimejipanga dukani zenyewe zinatungojea sie, na sie kiwanda kimeshatupunguza. Mie kilinipunguza na wenzangu wote wa mashine za kufumia. Mpaka leo nikiamka alfajiri masikio yanazitafuta.

Basi, mikanda. Mkanda wa kwao na deki la hapa havikusikilizana, picha ikatoka bila rangi. Sauti ipo, nzuri, inasikika mpaka barabarani, ila Kikorea kitupu. Na sie hatuangaliagi picha bila mtafsiri. Vibanda vyote vya video vina mtu wa kusimama pembeni ya televisheni akaeleza nani kasema nini, awe anaijua lugha au haijui. Watu wakatazamana pale uani. Mama Neema akasema, "Jamani, nani atatutafsiria?"

Mkono ulionyanyuka ulikuwa wangu. Sikuuambia unyanyuke.

Naijua sababu yake lakini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, ana kanga begani na sindano mbili zimechomekwa kwenye kanga.

Bi Zuhura. Mpangaji wa chumba cha mbele, mjane, fundi wa kushona. Cherehani lake liko barazani kwangu mwaka wa tisa huu. Asubuhi nikilisikia linaanza kulia najua dunia bado ipo. Mwanawe Hamisi amejenga Goba, huko vilimani, na anataka mama yake akaishi naye. Ijumaa hii anakuja kuchukua jibu. Bi Zuhura hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kila akiulizwa anakata uzi kwa meno, anageukia nguo.

Mie mwenye nyumba. Naweza kumwambia mpangaji apunguze moto wa jiko. Naweza kumwambia asianike kwenye kamba ya mwenzake. Kumwambia asihame, ulimi unakuwa mzito kama ulimi wa ng'ombe buchani.

Ndiyo nikawa Mkorea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipanga mikanda. Ilikuwa na karatasi zimeandikwa kwa mkono, viduara na vijiti vitupu, hakuna namba. Wakaniletea mie, mtaalamu. Nikaigeuzageuza, nikaguna kidogo, nikapanga kwa kuangalia karatasi ipi imechakaa zaidi. Nilisema moyoni, mkanda wa kwanza ndio unaoshikwa sana. Hata msomi angefikiria hivyo.

Siku ile ya kwanza tukaona mwanamke na sanduku kwenye kituo cha mabasi, mvua inanyesha. Kijana amevaa koti refu, ameshika mwamvuli, amesimama kama mlingoti. Mwanamke akasema kineno kimoja. Mie nikawapa hotuba: anasema anakwenda kwa shangazi yake, ana mgonjwa, atarudi sikukuu. Na kijana naye anamwambia ukifika nunua mkate, usile vya njiani. Watu wakacheka mpaka Shomari, yule fundi viatu wa mbele ya nyumba, akaanguka kwenye mkeka. Kwangu ilikuwa raha. Tangu kiwanda kinipunguze sikuwa nimesikilizwa na watu wengi namna ile.

Mkanda wa pili, balaa. Mwanamke yule yule anammwagia kijana supu mgahawani, na hawajuani! Wanatazamana kama wageni.

Uani pakawa bunge.

"Pacha huyo," Shomari akasema. "Yule wa kituoni kaenda kwa shangazi, huyu ni mwenzake."

"Pacha wapi, Shomari," Mama Neema akasema. "Kapata ajali huyo. Basi limepinduka, kagonga kichwa, kumbukumbu yote imekwenda. Kijana naye anajifanya hamjui ili asimshtue."

"Mtu kamwagiwa supu ya moto, na bado anajifanya?"

"Mapenzi, Shomari. Wewe utayajulia wapi?"

Wakanigeukia mie, niamue. Nikasema lugha imekaa pande zote mbili, tuendelee kuangalia. Wakatikisa vichwa wakaona nina busara.

Wenyewe Wakorea nimewapenda. Wanavua viatu mlangoni. Wana shikamoo yao ya kiuno, kijana anainama mpaka unaogopa hatanyanyuka. Wakigombana, supu. Wakipatana, supu. Mama mkwe wao ungemleta huku kwetu Mtoni asingehitaji mtafsiri, macho tu yanatosha. Lakini wanaume wao! Mtu anampenda mwanamke mikanda mitatu mizima na hajamwambia. Anamshika kifundo cha mkono, anamvuta, anamwachia, halafu huyo, anakwenda kusimama mvuani. Niliwacheka sana. Nilisema kwa sauti, jamani, mwanamume mzima, sema tu!

Bi Zuhura alikuwa anapindia suruali ya mtu. Akanyanyua macho, akanitazama, akayarudisha kwenye suruali.

Kila kijana yule akifungua mdomo mie namtilia maneno, na maneno mengine hayakuwa ya ujana. Siku moja wako juu ya daraja, hapana nyumba hata moja karibu, Mkorea wangu akasema, "Ukihama, chumba kile cha mbele nitakiacha wazi. Hakimfai mtu mwingine."

Shomari akageuka. "Chumba gani tena, babu? Si wako darajani?"

"Nyamaza. Wewe unajua Kikorea?"

Bi Zuhura akasema polepole, bila kunyanyua kichwa, "Mwambie Mkorea huyo paa la chumba chenyewe linavuja. Aanzie hapo."

Watu walivyocheka! Mie nikacheka kuliko wote. Kesho yake nikapanda juu ya paa na lami, umri huu. Magoti haya yanatokana na hapo.

Basi leo.

Umeme umerudi alasiri, mgawo wetu wa wiki hii ni mchana tu. Mama Neema akaiwahi televisheni kabla haujabadili mawazo. Mkanda wa sita, wa mwisho. Watu wamekuja na vigoda vyao. Mie mchovu, usiku sikulala vizuri, nikatafsiri kivivu, nusu ya maneno nikayameza.

Katikati ya mkanda, lile koti refu la kijana likanasa kwenye mlango wa gari. Mfuko ukachanika wote. Mwanamke akamvua koti, akaketi, akatoa sindano, akaanza kutia kiraka cha kitambaa cha miraba. Anashona, kijana anamtazama, muziki unalia.

Nilikuwa ndiyo nafungua mdomo nimtilie maneno.

"Simamisha," Bi Zuhura akasema.

Hajawahi kusema simamisha. Mama Neema akabonyeza, picha ikasimama inatetemeka.

"Kiraka hicho nakijua," akasema. "Siku ile ya kwanza, kituoni, kijana alikuwa nacho mfukoni pale pale. Miraba hiyo hiyo. Na mshono huo mbaya huo huo, huyu binti hajui kushona, kavuta uzi mpaka kitambaa kimekunjamana."

"Sasa?" Shomari akauliza.

"Sasa kiraka kinatiwa leo, mbele ya macho yetu. Siku ya kwanza kilikuwa kimetoka wapi?"

Shomari akaanza kuhesabu mikanda kwa vidole.

Mama Neema ndiye aliyeelewa kwanza, akashika mdomo. "Kumbe tumeiangalia vibaya! Ile ya kituoni ndiyo ya mwisho! Hakuna ajali wala nini, wale wa supu walikuwa ndiyo kwanza wanaonana!"

"Wala pacha," Shomari akasema, ameumia kabisa, maana pacha wake alishampa mpaka jina.

Wote wakanitazama mie mpanga mikanda. Nikakohoa. Nikasema karatasi za Kikorea zina namna yake. Shomari akasema, "Babu, shikamoo." Akaisema ile ya kumwamkia mwizi.

"Urudishe ule wa kwanza," Bi Zuhura akasema.

Tukaangalia tena kituo cha mabasi. Picha ile ile, mvua ile ile, lakini safari hii hakucheka mtu. Tulikuwa tunawajua sasa. Tumekwishawaona wanamwagiana supu, wamevutana, wameshoneana koti. Na sasa mwanamke ana sanduku, basi linanguruma, kijana na kiraka chake na mwamvuli wake.

Mwanamke akasema kile kineno kimoja. Akangoja. Akangoja sana. Sijui siku ya kwanza tulikuwa tunaangalia nini hata tusione alivyongoja.

"Tafsiri, Mzee Tamimu," Bi Zuhura akasema. "Kijana anajibu nini?"

Nikaangalia ule mdomo wa kijana. Umefungwa. Siku ile nilimpa mkate na vya njiani na yeye, masikini, hakuwa hata amefungua kinywa.

"Hasemi kitu," nikasema.

"Siku ile alisema mengi."

"Siku ile nilisema mie."

Basi likaondoka. Kijana kabaki. Mkanda ukaingia chenga, basi, ndiyo mwisho. Mama Neema akafuta macho kwa upindo wa kitenge, akasema huyu kaka yangu kaambiwa na nani kwamba unachekesha? Watu wakachukua vigoda vyao wakaondoka mmoja mmoja, kama wametoka kuzika.

Bi Zuhura alibaki anakunja suruali ya mtu. Mie nikabaki kwa sababu goti lilikataa kunyanyuka, na kwa sababu nyingine.

"Mie nilijua toka mwanzo kwamba hujui," akasema. "Mwanamke kasema neno moja, wewe umetoa khutba ya Ijumaa."

"Sasa mbona ulinyamaza wiki zote hizi?"

"Nilitaka nisikie utasema nini."

Akaikunja suruali mara ya mwisho, akaisawazisha kwa kiganja. "Hamisi anakuja keshokutwa," akasema. "Akiniuliza nitamjibu." Akanitazama. Akangoja.

Nami mtafsiri mkuu wa Temeke, niliyewasemea Wakorea wake kwa waume, na mama mkwe, na konda wa basi, na mbwa mmoja, nikafungua mdomo wangu mwenyewe. Nikasema:

"Goba kuna baridi usiku."

"Nimesikia," akasema. Akaingia ndani.

Goba kuna baridi.

Ningekuwa na mwamvuli ningekwenda kusimama nao barabarani, na mvua yenyewe haipo.

Nimechoka. Si kazi, kazi sina. Nadhani nimechoka kuwasemea watu. Marehemu mke wangu naye alikuwa akisema, Tamimu, maneno yote unayo isipokuwa yale. Nilimcheka naye. Na cherehani leo limenyamaza toka alasiri. Hashoni. Labda anafunga mizigo, labda anasali, sijui. Nimepita barazani mara mbili nikijifanya natafuta paka, na paka sina.

Nafikiria Ijumaa. Hamisi ni kijana mwema, ataniamkia vizuri, atasema ahsante babu kwa kumtunza mama. Atabeba cherehani yeye mwenyewe. Nami nitasimama pale, mkavu, na watu wa mtaa mzima wanaujua mwisho huo, wameuona mara mbili.

Hapana, bwana. Liko jambo moja. Kesho nalo naenda, mchana kweupe, wote wakiwa barazani, Shomari na asikie.

Koti langu, lile la kuvalia juu ya kanzu, lilikatika kifungo kwenye harusi ya mwezi wa mfungo sita. Bi Zuhura mwenyewe alisema, kwa mdomo wake, lete nikushonee, hiyo ndiyo shukrani yangu kwa kutafsiri. Sijakipata mpaka leo. Kutafsiri kulikuwa kwa uongo, sawa, lakini ahadi ilikuwa ya kweli.

Nakidai, Bi Zuhura. Nishonee kifungo changu. Hapo hapo barazani, nikiwa nimelivaa, polepole, na wakati unashona nitakwambia nilichokuwa nasema siku ile darajani, safari hii kwa Kiswahili. Na ukikimaliza vitazame na vya chini viwili, navyo vimelegea.

Nimetoka kuvilegeza sasa hivi.