Matundu Kumi kwenye Karatasi ya Mzee Karim

Jumamosi

Bado nacheka peke yangu hapa jikoni.

Wiki nzima nilihofia macho yangu yamezeeka. Leo kwenye uwanja wa shabaha nikafyatua risasi tano kwa ile bunduki yangu kuukuu, taratibu, kama Mzee Karim wa klabuni kwetu anavyonisisitizia. Msimamizi alipoturuhusu, tukaenda kutazama karatasi zetu. Yangu nyeupe pe! Hata tundu moja. Nilitamani kulia.

Mara namsikia Mzee Karim, aliyekuwa kando yangu: “Mama Neema, mimi nimepiga tano. Mbona nina matundu kumi?”

Matano yake yametapakaa. Matano yangu yako katikati kabisa, unayafunika yote kwa kikombe cha kahawa. Nimelenga karatasi ya jirani, mjinga mimi!

Kwa desturi ya klabu, anayekosea karatasi huwachemshia wenzake chai. Nimechemsha, na tangawizi juu. Mzee akaniandikia sifuri kwenye daftari, kisha akanipa ile karatasi yake yenye matundu kumi.

Neema ameuliza, kwa Kiingereza chake cha shule, kama kweli nimepata sifuri. Ndiyo, mwanangu. Na karatasi nimeibandika kwenye friji, juu ya ripoti yako ya shule.