Kwa Shabani, Uliyejifanya Jabilo

Shabani, uliyekuwa rafiki yangu,

Sikuulizi hali. Mama Akinyi amerudi kutoka Mbita kuuza omena, dagaa wake wa ziwani, na anasema uko mzima, umenenepa, na kila jioni unakalisha watu mbele ya cherehani yako unawasimulia habari yangu. Eti, "Fundi Okumu wa Dunga alikufa kwenye mchezo, akakasirika kama mtoto, akatupa urafiki. Yule mzee hajui kushindwa." Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Mimi sijui kushindwa? Mimi niliyeunda mashua nyingi kuliko fundi yeyote wa ufuo huu, na hakuna hata moja iliyozama kwa kosa la mkono wangu? Ziwa lenyewe limenishinda mara ngapi, na sijalinunia. Basi hii barua naituma wazi, bila bahasha. Mama Akinyi atavuka nayo na feri, na nimemwambia aisome kwa sauti mbele ya hao hao wanaocheka. Wakae, wasikie.

Hao hawaujui mchezo, kwa hivyo nauanza mwanzo. Mwalimu Otieno aliachiwa sanduku na mzungu aliyekuwa akifundisha naye. Ndani kulikuwa na dadu na kitabu cha mashujaa wenye nguvu kupita binadamu. Mwalimu akatupangia yote kwa Kiswahili. Kila mtu na shujaa wake, nguvu zake zimeandikwa kwa karatasi. Yeye anasema adui amefanya nini, sisi tunajibu, tunarusha dadu. Kila Jumapili tukishakula, pale kwako Kaloleni, juu ya meza yako ya kukatia nguo. Miaka mitatu. Mama Akinyi alikuwa Mbayuwayu, anaruka juu ya mji. Mimi nilikuwa Nyundo, mwenye kuinua feri kwa bega moja, na hakuna aliyeuliza kwa nini nimechagua hivyo. Waliniangalia mabega, basi. Wewe ulikuwa Jabilo, mganga wa vita kama wale wa zamani, wa kugeuza mvua na kupofusha adui.

Na uliweza, sikatai. Unatoa ile futi ya kupimia shingoni, unaipunga kama usinga, sauti inashuka mpaka chai kwenye vikombe inaogopa. "Nyundo, mwanangu," unaniambia, na mimi nimekuzidi umri, "simama mbele yangu. Maneno yangu ni mazito, yanataka muda." Nasimama. Risasi, mimi. Moto, mimi. Adui akikimbia unasema ni maneno yako yamemkimbiza. Mama Akinyi alikuwa akisema, "Jaduong', mzee wangu, huyu Jabilo wako atakumaliza!" Mnacheka wote. Nami nacheka, kwa sababu nyinyi mnacheka.

Halafu ile Jumapili ya Ahero. Adui amevunja mto huko juu, maji yanashuka bonde la Kano, watu wako kwenye mashamba ya mpunga. Nyundo akaingia majini akashika ukingo kwa mgongo. Ulisema unataka zamu tatu ili ugeuze maji. Nilirusha dadu zamu ya kwanza, nikashika. Ya pili, nikashika, nguvu zimebaki mbili. Ya tatu nikatoa zote. Sikujiwekea hata moja, Shabani, kwa sababu uko nyuma yangu.

Mwalimu akasema, "Haya, Jabilo. Sema maneno."

Ukaweka futi mezani. "Sina maneno. Mimi si jabilo. Sijawahi kuwa."

Nyundo akazama. Mama Akinyi akapiga makofi, "Wololo! Mzee ameigiza huyu, mpaka nimetoa machozi!" Mwalimu naye anatabasamu. Wote walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui. Nikachukua kofia nikatoka.

Kesho yake ukaja Dunga. Nilikuwa naziba nyufa za mashua kwa pamba. Ukasimama mbali kidogo ukasema, "Bwana Okumu, kosa langu nini? Karatasi yangu ilikuwa mezani wazi tangu siku ya kwanza. Imeandikwa juu kabisa: Jabilo wa uongo, hana uchawi, ana ujanja tu. Nilidhani unacheza mjinga makusudi."

Nikakuambia toka kabla patasi haijakupata. Ukatoka. Mwaka huo huo ukahamia Mbita.

Sasa sikiliza, na hao wako wasikilize. Nilikuwa sijui kusoma. Nambari nilizijua kuliko Mwalimu, maana mbao haipimwi kwa mdomo. Lakini herufi, hata moja. Nilikuwa nimewaambia nimefika darasa la saba. Ulipokuja Dunga ningesema neno moja tu na yangeisha siku hiyo. Sikulisema. Niliona afadhali nikupoteze wewe.

Baadaye nikaenda ngumbaru pale kanisani, mzee na mvi zangu, nikakaa na akina mama nikasoma a, e, i, o, u. Hasira ndiyo ilinifundisha. Barua hii nimeiandika siku nne, mkono wangu mwenyewe.

Lakini deni langu na wewe liko hapa. Mwaka ule wa kwanza Mwalimu alileta karatasi mpya. Nilishika yangu, nikaikazia macho, nikatikisa kichwa kama hakimu. Ukanyoosha mkono, ukaigeuza, juu ikawa juu, ukaendelea na chai yako. Hakuna mwingine aliyeona. Siku hiyo nilikupenda kuliko ndugu wa tumbo moja.

Kwa hivyo ulijua. Mtu aliyegeuza karatasi ile hawezi kuja Dunga kuniambia alidhani naigiza. Ulijua, na bado Jumapili baada ya Jumapili ukaniweka mbele yako.

Na kitu kimoja kinanisumbua. Nilimuuliza Mama Akinyi mara mbili: huko Mbita anasema nini kingine? Akasema ni hasira tu, habari ya hasira tu. Ya kusoma hujawaambia. Miaka yote hii unanifanya kichekesho kwa watu, na hilo umelifunika.

Sikukuomba ulifunike. Leo nimelifunua mwenyewe, mbele ya watu wako. Huna tena kitu changu cha kutunza. Ukitaka kusimulia, simulia yote, kuanzia karatasi ile. Kama huwezi, funga mdomo ushone nguo.

Ni mimi, jirani yako wa mezani, wa mkono wa kulia,

Okumu, fundi wa mashua, Dunga